Mgonjwa, Kura na Amana: Suala la Majaribio ya Dawa za Saratani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Shukrani zote ni Zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad:

Miongoni mwa masuala yanayoletwa mara kwa mara na jamaa zetu wanaokaa Deira, na wengine walioko Sharjah, Al Ain na Maskati, ni hili. Mtu hupatwa na ugonjwa wa saratani, hutibiwa kwa dawa zinazojulikana, kisha tabibu humwambia kwamba iko dawa mpya ambayo bado inajaribiwa, na kwamba akitaka ataingizwa katika hesabu ya wanaojaribiwa. Hupewa karatasi nyingi za kusoma na kutia saini, kwa Kiingereza na Kiarabu. Usiku jamaa hukutana barazani. Mmoja husema: huku ni kumfanya Muislamu mnyama wa kujaribiwa. Wa pili husema: huu ni mlango wa faraja aliotufungulia Mwenyezi Mungu, na mwenye kuukataa amejidhulumu. Na wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mtoto mkubwa, hunyamaza, kwani yeye peke yake ndiye ajuaye kwamba mgonjwa mwenyewe, aliyelala chumba cha pili, hajaambiwa bado kuwa ana saratani.

Katika kisa hiki kimoja mna masuala matatu. Je, yajuzu kuingia katika majaribio hayo? Je, ni lazima mgonjwa aambiwe ukweli wote? Na aliyepona, ana haki gani juu yetu, nasi tuna haki gani juu yake? Tutayajibu kwa kadiri ya uwezo wetu, lakini tutaanza na maelezo ya jambo lenyewe, kwani hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu hicho.

Majaribio ya tiba huenda kwa daraja. Katika daraja ya kwanza dawa hupewa watu wachache ili ijulikane kipimo ambacho mwili wa binadamu unaweza kukistahimili. Katika daraja ya pili hutazamwa kama dawa hiyo inaupunguza ugonjwa. Katika daraja ya tatu wagonjwa wengi, pengine mamia au maelfu, hugawanywa kwa kura: kundi moja hupata dawa mpya, na kundi jingine hupata tiba bora iliyokuwepo kabla yake. Hapo ndipo huonekana kweli ipi kati ya hizo mbili ina nafuu zaidi. Ni lazima tuseme wazi, kwa kuwa wengi hawaambiwi: katika daraja ya kwanza matumaini ya mgonjwa mwenyewe kupata nafuu ni madogo. Anayeingia hapo huwatumikia wale watakaokuja baada yake zaidi kuliko anavyoitumikia nafsi yake. Anayeingia daraja ya tatu hali yake ni nyingine, kwani kwa uchache hapotezi ile tiba iliyokwisha julikana.

Wala asidhani ndugu msomaji kwamba jambo hili ni uzushi wa Wazungu. Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa wa mji wa Rayy na wa Baghdad aliyefariki katika karne ya kumi ya Miladi, ameeleza katika maandishi yake kwamba aliwagawa wagonjwa wenye dalili za homa ya ubongo mafungu mawili. Fungu moja aliliumika damu, na fungu la pili aliliacha makusudi, ili ajue kama kuumika kunafaa. Na Ibn Sina, katika kitabu chake mashuhuri cha Al-Qanun, aliweka masharti saba ya kujaribu dawa, na mojawapo ni kwamba ijaribiwe katika mwili wa mwanadamu, kwa kuwa linalomfaa mnyama huenda lisimfae mtu. Basi asili ya jambo hili iko katika elimu za Kiislamu. Lakini tukiwa waadilifu tutauliza pia swali ambalo vitabu havikulijibu: wale walioachwa bila ya kuumikwa, waliambiwa? Hapo ndipo penye mzizi wa masala yetu.

Turudi kwa yule aliyelala chumba cha pili.

Katika majumba yetu ya Ghuba, kama ilivyo Unguja na Mombasa, ugonjwa huu hautajwi kwa jina. Husemwa "ugonjwa ule", au "ugonjwa mbaya", kana kwamba kuutaja ni kuualika. Jamaa humfuata tabibu nje ya chumba wakamsihi asimwambie mzee, kwani moyo wake hautastahimili. Hatuwezi kusema kwamba wanafanya hivyo kwa uovu. Wanafanya kwa huruma, na huruma ni katika dini. Lakini huruma isiyokuwa na elimu inaweza kumnyima mtu haki zake zilizo kubwa kuliko starehe ya wiki chache. Mtu huyu huenda ana madeni ambayo hayajui ila yeye. Huenda ana amana ya mtu mwingine mikononi mwake, au ana usia hajauandika, au ana ndugu aliyehasimiana naye miaka ishirini na angependa kumuomba radhi. Ana toba ambayo kila mja huihitaji. Anayemficha hali yake anamwachia afikiri kwamba muda upo, na muda si mali yetu tukamgaia.

Maulamaa wetu wa Kiibadhi tangu zama za mwanzo wameweka mlango maalumu katika vitabu vya itikadi, wakabainisha yale ambayo mtu ana udhuru wa kutoyajua, na yale ambayo hana udhuru wa kutoyajua. Mlango huo umewekwa kwa ajili ya imani na faradhi. Hata hivyo, kipimo chake kinatufaa hapa kwa njia ya mfano, kwani nacho kinatufundisha kwamba si kila ujinga ni sawa. Mgonjwa ana udhuru wa kutojua namna dawa inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Ana udhuru wa kutojua hesabu zinazotumiwa na watafiti. Lakini idhini yake haisihi ikiwa hajui kwamba ugonjwa wake ni saratani; au hajui kwamba hili ni jaribio, wala si tiba iliyokwisha thibiti; au hajui kwamba kura ndiyo itakayomchagulia kundi; au hajui kuna tiba gani nyingine nje ya jaribio; au hajui kwamba anaweza kutoka siku yoyote bila ya kunyimwa matibabu yake. Akikosa kujua moja katika haya, saini yake ni wino tu. Sheria za nchi hizi nazo zimekataza kumfanyia mtu utafiti bila ya idhini yake, na katika hili sheria ya dola na insafu ya dini zimekutana.

Hapa kuna jambo dogo ambalo tumeona lina madhara makubwa. Wazee wetu wengi walioishi Pwani ya Afrika ya Mashariki hawajui Kiingereza, na Kiarabu chao ni cha Msahafu na cha salamu. Wakienda hospitali, mtarjumi wao ni mwana au mjukuu. Tabibu husema maneno kumi, na kijana hutafsiri manne, tabibu husema "saratani", na kijana husema "uvimbe", tabibu huuliza "umekubali?", na kijana hujibu "amekubali" kabla ya kumuuliza. Mtarjumi katika mahali hapo ana daraja ya shahidi. Kama ilivyokuwa haramu kwa shahidi kuficha neno au kuongeza neno, vivyo hivyo haijuzu kwa mtarjumi. Kijana anayeona kwamba ulimi wake hautamudu kumwambia baba yake jambo hilo, na aombe mtarjumi mwingine. Hakuna aibu katika hilo.

Hatusemi kwamba mgonjwa apigwe na khabari usoni mara moja kama apigwavyo mtu kofi. Aambiwe kwa upole, kidogo kidogo, na asikilizwe. Na akisema kwa ulimi wake, "Mimi sitaki kujua zaidi, muulizeni mwanangu Fulani, lile atakaloliona ndilo langu," basi amemfanya mwanawe wakili, na uwakili ni jambo sahihi katika sheria. Tofauti iliyopo ni kwamba amewakilisha yeye. Jamaa hawana ruhusa ya kujipa uwakili ambao hawakupewa.

Ama kuhusu kura, wako waliouliza kama si kamari. Jawabu ni kwamba kamari ni kuweka mali ili ushinde ya mwenzio bila ya haki, na kura ya matabibu haina mshindi wala mshindwa wa mali. Kura kwa ajili ya kuondoa upendeleo ni jambo lililothibiti. Nabii Yunus (A.S.) aliingia katika kura ndani ya jahazi. Kura ilipigwa juu ya nani atakayemlea Bibi Maryam. Na Mtume (S.A.W.) alikuwa akipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri. Ndani ya majaribio ya dawa kura ina kazi ile ile: inamzuia tabibu asiwape dawa mpya wale anaowapenda au walio na nguvu, kisha akasema dawa ndiyo iliyowaponya.

Lakini kura hii ina sharti, na sharti lenyewe ni zito. Haijuzu ila pale ambapo matabibu kwa ukweli hawajui ipi kati ya tiba mbili iliyo bora. Wasomaji wetu wanajua maana ya wukufu katika mafundisho yetu: mtu ambaye hali yake haijabainika hatumpi walaya, wala hatumfanyii baraa, bali tunasimama mpaka ibainike. Tabibu mkweli naye yampasa asimame katika wukufu wa namna yake. Akisha kujua kwamba dawa hii inaokoa na ile haiokoi, wukufu wake umekwisha, na kuendelea kupiga kura baada ya hapo ni dhuluma. Kwa ajili hiyo majaribio yaliyo sawa huwa na kamati ya watu wa mbali wanaotazama matokeo njiani, na wana uwezo wa kuyasimamisha.

Wapo watu wanaodhani kwamba tabibu asiyejua ni tabibu dhaifu, na kwamba tabibu mzuri ni yule anayesema kwa uhakika. Historia ya saratani ya matiti inawakadhibisha. Kwa muda wa karibu miaka themanini, wapasuaji waliomfuata William Halsted wa Marekani walikuwa wakimkata mwanamke titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Walikuwa na uhakika mkubwa kwamba kadiri unavyokata zaidi ndivyo unavyookoa zaidi. Mwaka 1976 Dk. Bernard Fisher na wenzake walianza jaribio lililowaingiza wanawake zaidi ya 1,800. Kwa kura, wengine walikatwa titi lote, wengine waliondolewa uvimbe peke yake, na wengine waliondolewa uvimbe kisha wakapigwa mionzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1985, na yale ya miaka ishirini yakachapishwa mwaka 2002: urefu wa maisha ya makundi yote haukutofautiana, na mionzi ilipunguza kurudi kwa ugonjwa katika titi. Kila mwanamke ambaye leo anaondolewa uvimbe mdogo akarudi nyumbani kwake Hor Al Anz na mwili wake umebaki, anakula matunda ya mti uliopandwa na wanawake wale asiowajua. Nao walikubali kura juu ya miili yao. Uhakika wa wale wapasuaji wa mwanzo uliwagharimu wanawake wengi kuliko kutojua kwa Fisher.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, aliandika khabari ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilomita 16,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini wakiuliza kila hospitali. Ikaja kuonekana kwamba ugonjwa huo unafuata sehemu zenye malaria nyingi, na kwamba Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa ikipigwa vita, ulikuwa nadra. Kutokana na uvimbe wa watoto hao ndiko kulikopatikana, mwaka 1964 huko London, kirusi cha kwanza kilichojulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Na mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huo, ambacho ndicho asili ya Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hapo Dk. John Ziegler na wenzake walilinganisha dozi na namna za kuchanganya dawa, na watoto wengi waliokuwa wakifa wakapona. Wamarekani walipoondoka katika siku za Idi Amin, kazi iliongozwa na Dk. Charles Olweny, mwana wa nchi hiyo. Elimu iliyopatikana kwa watoto wa Uganda imeingia katika matibabu ya watoto wa ulimwengu mzima. Tunawataja kwa sababu mazungumzo mengi juu ya dawa hizi huanza na kumalizikia Ulaya na Marekani, kana kwamba Waafrika hawakutoa kitu.

Lakini watoto hawana idhini. Basi nani aliyewaidhinishia? Wazazi wao. Na hapa ni lazima tuweke mpaka. Walii wa mtoto ni kama msimamizi wa mali ya yatima: hawezi kuitumia ila kwa lile lililo bora kwa yatima mwenyewe. Hana ruhusa kuitoa sadaka mali hiyo, hata kama sadaka ni jambo la kheri, kwa kuwa si yake. Watoto wa Mulago walikuwa wakifa kwa ugonjwa wao, na dawa ilikuwa tumaini lao. Hapo walii ana haki ya kukubali. Ama kumwingiza mtoto katika jaribio ambalo halimtarajii nafuu yeye mwenyewe, na lina khatari isiyokuwa ndogo, kwa ajili ya watoto wa kesho, tuonavyo hilo halimo katika uwezo wa walii. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kujitolea nafsi yake katika khatari yenye kipimo, kama aingiavyo baharini anayejua kuogelea ili amwokoe anayezama. Hawezi kumtupa mwanawe baharini kwa ajili hiyo.

Itasemwa: mwili si mali yetu, ni amana ya Mwenyezi Mungu, basi vipi tuutie katika khatari? Jawabu ni kwamba mwenye amana amekatazwa kuiharibu, hakukatazwa kuitumia katika lile alilolipenda Mwenye nayo. Kila tiba ya saratani ina khatari, hata ile iliyokwisha thibiti. Kinachokatazwa ni kujitia katika maangamizi yaliyo yakini, au katika madhara makubwa yasiyolingana na manufaa yanayotarajiwa. Na mwenye kukusudia kwa kuingia kwake kuwanufaisha waja wa Mwenyezi Mungu, tunamtarajia malipo mema, hata kama dawa haikumfaa. Aliyekataa naye asilaumiwe. Jambo hili ni la hiari, na hiari yenye lawama nyuma yake si hiari.

Suala jingine limeletwa na ndugu mmoja, nalo ni zuri. Aliyetia saini kuingia katika jaribio kisha akachoka, je, kutoka kwake ni kuvunja ahadi? Sisi tumeamrishwa kutimiza ahadi na mapatano. Lakini saini hii si akdi kama ya kuuza na kununua, ambayo pande zote mbili zimefungwa nayo. Ni idhini, mfano wa mwenye nyumba kumruhusu mgeni kuingia. Mwenye nyumba akisema "basi", mgeni hutoka, na hakuna aliyevunja ahadi. Ndiyo maana karatasi yenyewe humwambia mgonjwa kwamba anaweza kutoka. Lililo wajibu kwake ni kusema ukweli muda wote aliomo. Asiseme amemeza vidonge ilhali amevitupa, wala asifiche kwamba anakunywa dawa za miti alizoletewa kutoka nyumbani. Ukweli huo ndio amana yake, kwa kuwa hesabu ya uongo inaweza kumdhuru mgonjwa mwingine ambaye hatamjua kamwe.

Na khiyana ya watafiti ni kubwa kuliko ya wagonjwa. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi maskini wenye kaswende waliachwa bila ya kutibiwa, na hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, hata baada ya penisilini kupatikana. Katika miaka ya 1990 maelfu ya wanawake wenye saratani ya matiti walipewa dawa kali za kiasi kikubwa mno pamoja na kupandikizwa uboho, kabla ya majaribio kuthibitisha faida yake. Majaribio yalipotoa matokeo mwaka 1999, mengi hayakuonyesha faida, ila yale ya profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Walipokwenda kukagua daftari zake mwaka 2000 ikabainika kwamba alighushi. Mwenye kusikia khabari hizi akaogopa, ana haki ya kuogopa. Lakini tuzingatie kwamba ni majaribio ya kweli, yenye kukaguliwa, ndiyo yaliyoufichua uongo huo.

Ndugu zetu wafanyakazi, walioko hapa Deira kwa kipato kidogo, tunawaambia hivi. Tangu Sheria namba 11 ya mwaka 2013 bima ya afya imefanywa lazima katika Dubai, lakini bima si zote sawa, na pengine dawa ya majaribio hutolewa bure pale ambapo dawa nyingine ni ghali. Si haramu kuipokea kwa sababu hiyo. Ila tabibu anayemchagua maskini kwa sababu hana pa kwenda amekula dhiki yake. Hii ndiyo sababu twasema: kabla ya kutia saini, uliza kama unaweza kutibiwa mahali pengine. Iko Hospitali ya Dubai hapa hapa Deira, iliyofunguliwa mwaka 1983. Iko Tawam ya Al Ain. Maskati kimefunguliwa mwaka 2021 kituo kikubwa cha saratani chenye jina la Sultan Qaboos. Na Dar es Salaam iko Taasisi ya Ocean Road. Kujua kwamba milango ni zaidi ya mmoja ni sehemu ya hiari.

Tumeulizwa pia juu ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, na uvumi kwamba mabinti wa Kiafrika hujaribiwa vitu vilivyokataliwa kwingine. Chanjo hiyo ilikuwa ikitumika Ulaya na Marekani tangu mwaka 2006. Kilichojaribiwa Kenya, kwa wasichana na wanawake vijana 2,275, ni kama dozi moja inatosha. Kundi la kulinganishia halikuachwa mikono mitupu, bali lilipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na baadaye likapewa ile nyingine. Matokeo ya 2022 yalionyesha kwamba dozi moja ina kinga kubwa, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaikubali. Faida ya kwanza ya jambo hilo inawaendea maskini, ambao dozi mbili au tatu zilikuwa haziwafikii.

Limebaki suala la aliyepona, na hili limesahauliwa kuliko yote. Jamaa humzunguka mtu akiwa kitandani, na siku anapoambiwa kwamba ugonjwa umeondoka, hufanywa karamu, kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Yeye hubaki na uchovu usiokwisha, na khofu inayomrudia kila akienda kupimwa, na pengine moyo uliodhoofishwa na dawa zile zile zilizomwokoa. Kufuatiliwa kwake na matabibu kwa miaka ni sehemu ya tiba, na aliyekuwa katika jaribio akiendelea kuhudhuria ananufaisha na kunufaika. Hata katika hali hii ya baada ya tiba kuna majaribio. Moja limechapishwa mwaka 2025: wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliomaliza dawa waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa mwalimu wa mazoezi ya mwili kwa miaka mitatu, na nusu wakapewa kijitabu cha mawaidha ya afya. Baada ya miaka minane waliokuwa hai katika kundi la mazoezi walikuwa asilimia 90, na katika kundi la kijitabu asilimia 83. Sisi waandishi wa vijitabu tumelisoma hilo kwa unyenyekevu. Basi anayemhurumia mama yake aliyepona asimkalishe kitini siku nzima kwa kumpenda; amshike mkono atembee naye ukingoni mwa Khor jua likipungua, kwa kadiri tabibu wake alivyoruhusu.

Ama ndoa, kijana au binti aliyepona akaposwa, hana wajibu wa kuitangaza khabari yake kwa majirani. Lakini lile linalogusa haki ya mwenziwe, kama vile dawa kuwa zimekata tamaa ya uzazi, tuonavyo ni lazima liambiwe mposaji kabla ya akdi, naye alihifadhi kama siri. Na mume aliyemwacha mkewe kwa sababu ya kovu tu, sheria inaweza kuikubali talaka yake, lakini hatujui kwa uso gani atakutana na Mola wake.

Na ama saumu, mgonjwa anayepewa dawa hizi ndani ya Ramadhani ameruhusiwa kula, na akilazimishwa na tabibu muaminifu asifunge, asishindane naye. Akipona akapata nguvu, atalipa siku kwa idadi yake, hata akizitawanya katika siku fupi za baridi, wala halazimiki kuzifululiza kwa namna itakayomrudisha kitandani. Ama yule ambaye matabibu wamesema hatarudi kuwa na nguvu ya kufunga, atalisha maskini mmoja kwa kila siku, na hadaiwi zaidi ya hayo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.